Huyu Si Buibui

Kabla sijawaambia lolote, wanangu mnaoanza utafiti, shikeni hili moja: usimshike mguu. Ukimshika mguu utabaki na mguu mkononi, unatetemeka peke yake kama una roho yake, na mwenyewe utamwona anakwenda zake kwa miguu saba iliyobaki, wala hana habari nawe. Wiki yangu ya kwanza kazini nilirudi kutoka porini na chupa imejaa, kifua mbele. Bi. Veneranda, aliyekuwa mkubwa wangu, akaiinua ile chupa dirishani, akaitazama, akanigeukia.

“Elinami, hii ni miguu. Wenyewe umewaacha wapi?”

Mnyama ninayemsema mmemwona, ila hamkumtazama. Mwili wake ni kama punje ya choroko, miguu minane mirefu myembamba, anatembea kama mtu anayevuka matope hataki kuchafua suruali. Wengine katika ukoo huohuo ni wafupi, wagumu, wamejipaka udongo mgongoni, ukiwakuta kwenye majani makavu utasema kupe. Wapo wenye miiba, wapo wenye rangi ya chungwa. Ukimkera anatoa maji yanayonuka kama dawa ya kidonda. Wazungu wamemwita mvunaji, kwa sababu huko kwao huonekana sana wakati wa mavuno. Kwetu pwani ya kusini huonekana mvua zikinyesha, watu wakipalilia. Tungekuwa sisi tuliotangulia kumpa jina, angeitwa mpaliliaji. Lakini Kiswahili hakikumpa jina lolote, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mimi ni mtu wa Upare. Nililetwa Mtwara mwishoni mwa miaka ya sitini, kijana wa cheti, msaidizi wa utafiti, sijawahi hata kuonja korosho mbichi. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili pale Ufukoni, kuta zimeliwa na chumvi, bawaba za milango zimeshika kutu. Mshahara tulilipwa kwa ajili ya wadudu wanaokausha mikorosho. Lakini Bi. Veneranda, mama wa Kihaya, mfupi, sauti kama kengele ya shule, alikuwa na ruhusa ya kuchunguza pia viumbe wote wa miguu minane katika vichaka vya pwani kuanzia mjini hadi mlangoni mwa Ruvuma. Nge, buibui, kupe, na huyu asiye na jina. Huyu ndiye aliyempenda. Korosho ilikuwa kazi yake, huyu alikuwa maradhi yake.

Aliyonifundisha yule mama sikuyakuta kwenye kitabu. Gogo, aliniambia, lipindue kwa kulivuta upande wako. Wewe ukae nyuma ya gogo, ili kama kuna nyoka chini yake atoke upande wa pili, asikupitie miguuni. Ukishatazama, lirudishe lilivyokuwa. “Umemfunua mtu nyumbani kwake,” alikuwa akisema, “mrudishie paa lake.” Majani makavu yachekeche juu ya shuka jeupe, halafu tuliza mikono yako, kaa kimya. Wanajifanya wamekufa. Asiye na subira anakung'uta shuka anasema hakuna kitu. Mwenye subira anavuta pumzi mara kadhaa, na takataka zinaanza kutembea. Na ukiandika kikaratasi cha kutia ndani ya chupa, andika kwa kalamu ya risasi. Wino wa kalamu nyingine spiriti inaunywa wote, unabaki na mnyama na karatasi nyeupe.

Hiyo spiriti nayo! Kuna masika iliadimika kabisa, Dar es Salaam hawaleti, hospitali hawatoi. Mtu mmoja pale ofisini akashauri tutumie gongo la mabibo. Bi. Veneranda alikuwa Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, alikubali shingo upande. Tukajaza chupa, tukatia wanyama, tukapanga rafuni. Baada ya siku chache wamelainika kama ndizi mbivu na chumba kinanuka kilabu. Kibaya zaidi, chupa mojawapo tuliikuta imepungua. Aliyekunywa hatukumjua mpaka leo, na mimi sikutaka kumjua, maana aliyeshauri habari ya gongo ndiye aliyeshika ufunguo.

Sasa nije Mahurunga.

Nje ya kile kijiji, juu ya bonde la mpunga, palikuwa na kichaka kimoja kinene, kivuli chake kizito hata mchana, udongo mweusi, magogo yameoza vizuri. Ndani yake Bi. Veneranda alimkuta mmoja wa hawa wanyama ambaye hatukumpata Ufukoni wala kando ya mikoko. Tulimtafuta hadi upande wa Nanyamba, hakuna. Palepale tu. Tena alikuwa na tabia ya ajabu: chini ya gogo ulikuta mayai meupe yamebandikwa kwa pamoja, na juu ya mayai amesimama mlinzi. Mlinzi yule hakuwa jike. Alikuwa dume, utamjua kwa miiba ya mapaja. Bi. Veneranda alipoliona hilo alikaa chini kwenye matope na gauni lake la kazi, akacheka kama msichana. Alitaka sasa kuwatazama masika nzima, tangu mayai yanapotagwa mpaka watoto wanapoondoka, ajue kama dume yule kweli analinda au amepumzika tu.

Nikatumwa nitangulie kijijini kuomba ruhusa. Nilifika, nikamkosa mwenyekiti, nikaacha maagizo kwa mtu: “Waambie tunakuja Ijumaa kukusanya mabuibui.”

Mnacheka? Chekeni. Mimi nilifikiri nikisema “buibui” watadhani namtaka mmoja, basi nikaongeza “ma” yangu ya Kipare ili wajue ni wengi. Sasa mtu wa pwani, buibui mwenye miguu ni buibui, wawe hata elfu. Ukimwambia mabuibui, maana yake ni yale mavazi meusi ya wanawake, ya kwendea harusini na msibani. Na wakati wenyewe, mijini vijana walikuwa wakiwasimamisha wasichana barabarani kwa ajili ya sketi fupi. Habari ilipita nyumba hadi nyumba: wamemaliza sketi fupi, sasa wamegeukia mabuibui marefu.

Ijumaa tulipofika na Landrova, hapakuwa na mwanamke hata mmoja njiani. Milango imefungwa. Aliyetupokea alikuwa Maalim Issa, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye pia ndiye aliyekuwa fundi cherehani wa kijiji. Alisimama katikati ya njia na futi ya kupimia bado ipo shingoni.

“Mnataka mabuibui?” akasema. “Nimeshakata kitambaa cha mengine matatu. Anzeni na mimi. Nikamateni.”

Bi. Veneranda alinitazama. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Ilibidi nitoe chupa, nioneshe, nieleze, niombe radhi, na wanawake wakaanza kuchungulia madirishani na kuangua kicheko. Kuanzia siku ile sikuitwa Elinami tena. Kijiji kilikuwa na bwana shamba wake, na mimi nikawa Bwana Buibui.

Maalim Issa hakucheka. Aliishika chupa, akaitazama karibu, akasema, “Kumbe ni buibui wenyewe. Basi hilo ni baya zaidi. Hamjui kwamba buibui ndiye aliyetanda utando mlangoni mwa pango alimokuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, maadui wakapita wasimwone? Sisi buibui hatumuui. Mtoto wangu akimuua namchapa. Nyinyi mnawatia kwenye pombe?”

Tuliomba tutazame tu, tusichukue. Maalim akanung'unika, akakubali kutazama tu. Tukaanza kwenda kila baada ya siku chache, na nikadhani mambo yametulia.

Mwaka ule mto ulifurika. Ruvuma ilipanda mpaka kwenye mashamba ya bondeni, mpunga ukazama wote. Ng'ambo ya mto, Msumbiji, kulikuwa na vita, watu walikuwa wanavuka na vitoto mgongoni, na hao nao walikuwa wanakula palepale. Kijiji kilihitaji muhogo, na muhogo unataka ardhi ya juu isiyotuama maji. Ardhi ya juu yenye rutuba ilikuwa wapi? Palepale kichakani petu. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Hamisi, mtu wa miraba minne, alikuwa na haki yote ya kutaka kukifyeka. Nyumbani kwake mwenyewe alikuwa na kundi la watoto wa marehemu dada yake, na watoto hawali kichaka.

Tulifika asubuhi moja tukawakuta wanaume wamekusanyika na mapanga, na Maalim Issa amesimama mbele yao amenyoosha mikono.

“Hamtafyeka! Mle ndani mna buibui wamejaa, na wana mayai. Mtachoma buibui na mayai yake? Mna wazimu?”

“Maalim, watu wana njaa,” Mwenyekiti akasema.

“Muhogo pandeni kwingine. Dhambi hii mimi siishiriki.”

Wanaume wakaanza kutazamana. Maalim alikuwa amewafundisha Kurani wengi wao, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumpita. Nilihisi moyo unashuka mahali pake. Kichaka kimepona, nikajisemea, na sisi hatukufungua mdomo.

Ndipo Mwenyekiti aliponiona. “Ah! Bwana Buibui huyo. Amesoma. Tumuulize yeye.”

Maalim akanigeukia akiwa na hakika kabisa. “Waambie. Huyu ni buibui, si buibui?”

Vijana, nataka mwelewe nilivyosimama pale. Nikisema ni buibui, kichaka kinapona, Bi. Veneranda anapata masika yake, na mnyama ambaye hatukumwona kwingine anaishi. Neno moja tu. Nani pale angenibishia? Nikisema si buibui, namvua heshima ya pango kwa mkono wangu mwenyewe na kumkabidhi kwa mapanga. Nilimtazama Bi. Veneranda anisaidie. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mnyama unamwita kwa jina lake hata kama linakuudhi, lakini siku ile hakulisema hilo, na sikumlaumu.

“Si buibui, Maalim,” nikasema. “Buibui ana kiuno, huyu mwili wake ni kipande kimoja. Buibui ana sumu, huyu hana. Na huyu hana nyuzi. Hawezi kutanda utando hata mmoja. Yule wa pangoni hakuwa huyu.”

Mwenyekiti akapiga makofi. “Alhamdulillahi! Mmesikia wenyewe. Haya, kazi.”

Machozi yalimlenga Bi. Veneranda, nikayaona. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Umesema sawasawa.” Mimi nilitaka kulia pia, sioni aibu kuwaambieni.

Lakini Maalim Issa hakuwa amesogea. Alikuwa amenikazia macho, amekunja uso. “Kama si buibui,” akauliza, “ni nani?”

“Hana jina kwa Kiswahili, Maalim.”

“Sasa nitamteteaje nisiyemjua jina? Twende nikamwone vizuri kabla hawajamkata.”

Tukaingia wote, wenye mapanga na wasio nayo. Nilikaa nyuma ya gogo nikalivuta kwangu taratibu. Alikuwepo, dume mmoja mkubwa, amesimama juu ya mayai yake, ile miguu miwili mirefu zaidi anapapasa nayo huku na huku kama kipofu na fimbo. Sisimizi mmoja akaja kunusa mayai. Dume akamshika kwa vikono vya mdomoni, akamtupa. Akaja mwingine, akatupwa. Watu waliinama kutazama, vichwa vinagongana.

“Jike hilo lina hasira,” mtu akasema.

“Ni dume,” Bi. Veneranda akajibu. “Majike huja, hutaga, huenda zao. Anayebaki ni huyu.”

Mwenyekiti alikuwa amechuchumaa karibu kuliko wote. “Kwa hiyo ndiye baba yao.”

“Tunadhani.”

“Mnadhani? Hamna hakika?”

“Hatuna hakika kama mayai yote ni yake. Majike ni wengi. Hatujaona yote yakitagwa.”

Mtu mmoja nyuma akadakia, “Basi si baba huyo! Anayelea watoto asiowazaa, hana malipo, hana shukrani, tena kila siku anapigana na majirani kwa ajili yao? Huyo njomba!”

Kicheko kilichopasuka pale kiliwarusha ndege mitini. Ninyi mliozaliwa kwingine niwaeleze: kwa Wamakonde watoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu yao ni kaka yake mama. Mjomba, au kama wanavyotamka wenyewe, njomba. Mwingine akampiga Mwenyekiti begani: “Mwenyekiti, mwenzio huyo! Wasalimie watoto!”

Mwenyekiti aliwatazama mmoja mmoja kwa ukali, halafu akashindwa naye, akacheka mpaka akakaa chini kabisa. Alipomaliza kujifuta macho alibaki palepale anamtazama yule mnyama. Kisha akasema, “Huyu hatumtoi juu ya watoto. Waangue kwanza. Wakishaondoka, tunafyeka. Muhogo wa sasa tupande nyuma ya shule.”

“Nyuma ya shule kichanga kitupu,” mtu akalalamika.

“Najua. Bwana Buibui, wewe ndiye utakayekuja kuniambia wameondoka. Na usinidanganye.”

“Sitakudanganya, Mwenyekiti.”

Maalim Issa akainuka, akakung'uta kanzu. “Sasa ana jina,” akasema, akaenda kwenye cherehani yake.

Masika ile ndiyo niliyojifunzia kazi. Yule wa kwanza mayai yake yaliangua, vitoto vyeupe kama chembe za chumvi, vikakaa siku chache chini ya miguu yake, vikatawanyika. Lakini kwenye gogo la pili palikuwa na mwingine mwenye mayai mapya. Na la tatu. Mwenyekiti akikutana nami njiani ananipigia kelele, “Bado tu?” Namjibu, “Bado, Mwenyekiti.” “Njomba gani huyu asiyemaliza kulea!” Akawa anakuja mwenyewe kuhakikisha. Mwanzoni alisimama na panga lake. Baadaye akawa anachuchumaa. Siku moja nilimkuta yupo peke yake, anamwondolea dume mmoja jani lililomwangukia, kwa ncha ya kijiti, bila kumgusa mguu. Hakuna aliyemfundisha.

Bi. Veneranda alichora yote kwa mkono, mayai, vitoto, dume na miiba yake. Siku hizi mnasaga mguu mmoja mnautia mashineni mnaambiwa ukoo wake mpaka babu wa babu. Vizuri sana, sina wivu. Lakini mashine haitakwambia kwamba dume alishinda njaa siku nzima asiwaache watoto. Hilo utalijua ukichuchumaa. Na ukichuchumaa muda mrefu mtu atakuuliza unafanya nini hapo, na inabidi uwe na jibu analoweza kulielewa. Msiidharau sehemu hiyo ya kazi.

Mvua zilikoma. Udongo ukaanza kupasuka, na muhogo wa nyuma ya shule ulikuwa umetoka mwembamba kama vidole. Nilipindua gogo hadi gogo, kichaka kizima. Hakuna yai. Nikarudia kesho yake nikiomba Mungu nikute hata kikundi kimoja. Hakuna.

“Nenda ukamwambie,” Bi. Veneranda akasema niliporudi Ufukoni. Chupa chache ambazo mwishowe Mwenyekiti alimruhusu kuchukua alikuwa ameshazifunga. “Uliahidi.”

Nilikwenda kwa baiskeli, na njia ile sikuwahi kuiona fupi hivyo. Nilimkuta Mwenyekiti barazani kwake, ananoa panga, wale watoto wa dada yake wamemzunguka, mmoja amempanda mgongoni. Nikamwamkia. Nikakataa kiti. Nilijua nikikaa sitasema.

“Mwenyekiti, wameisha. Hakuna tena mwenye mayai. Nimetazama magogo yote.”

Aliendelea kunoa. “Wote wameondoka?”

“Wote.”

“Salama?”

“Salama, Mwenyekiti.”

Alilijaribu panga kwa kidole, akaliweka chini. Akamtelemsha mtoto mgongoni.

“Na mvua zikirudi, watataga tena?”

“Watataga.”

“Mahali pengine hawapo?”

“Sisi hatujawaona.”

Akanitazama kama mtu anayemhurumia msomi. “Sasa wewe, Bwana Buibui, umepiga baiskeli kutoka Mtwara kuja kuniambia nikate. Wakirudi, wakatage wapi? Kwenye muhogo wangu?”